Pete ya Saa na Maji ya Majivu

Ernestine alipotua sufuria juu ya meza ya Henriette, katikati ya bisibisi na saa zilizofunguliwa matumbo, Henriette alikasirika kwanza. Meza ya fundi saa si jiko. Chembe moja ya masizi ikiingia kwenye gurudumu dogo, saa inasimama na fundi anatukanwa. Lakini Ernestine alikuwa akiuza mboga hatua tatu tu kutoka hapo, kwenye soko lilelile la Manika, mjini Kolwezi, na kwa miaka tisa wawili hao walikuwa wameazimana kila kitu, kuanzia chumvi hadi bega la kulilia. Hakufukuzwa.

"Angalia, mama," alisema Ernestine. "Angalia bile nimejiharibia mi mwenyewe."

Ilikuwa sufuria ya alumini, mpya. Ndani ilikuwa imegeuka nyeusi na kujaa vishimo, na Ernestine alipoiinua juani, mwanga ulipenya mahali pawili.

"Nani alifanya hii?"

"Nani tena? Mayi ya majivu. Nilichuja ya kupikia mboga ya mulenda, nikasahau ndani. Nikaenda ku matanga, nikalala kulekule. Asubui narudia, nakuta inatoa mapovu pole pole, na moto hakuna. Majivu na alumini! Mama yangu alikuwa ananipigaka juu ya ile. Kila mwanamuke anajua."

Kila mwanamke anajua, ni kweli. Henriette mwenyewe aliijua amri hiyo kabla hajafundishwa kusonga ugali wa bukari. Maji ya majivu yanalainisha mboga, yanang'arisha chungu, lakini hayakai kwenye alumini. Aliijua jikoni kwa miaka arobaini na zaidi. Mezani pa saa, kwa sababu anayoijua Mungu peke yake, haikuwahi kumjia.

Bisibisi ikamponyoka, ikabiringika chini ya meza, naye hakuinama kuiokota.

"Mama Henriette? Kuko nini?"

"Dimitri," alisema Henriette. "Leo Dimitri anashuka mu mayi."

Dimitri ni mdogo wake wa mwisho. Mama yao alipofariki, mtoto alikuwa na miaka minne, na Henriette ndiye aliyemwosha, akamlisha, akamchapa, akampeleka shule kwa masista. Alipokua akaenda mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wao: alivuka nchi nzima hadi Banana, kule mto unakoingia baharini, akawa mzamiaji. Miaka kumi na moja alikwangua matumbo ya meli na kukagua nguzo za bandari chini ya maji ya chumvi. Mwaka jana akarudi Kolwezi, kwa kuwa kampuni moja ndogo ya mkataba ilitafuta watu wa kusafisha vyuma vya bwawa la Nzilo. Mto unaleta magogo na majani, vinajibana kwenye ule wavu mkubwa wa chuma mbele ya mitambo ya umeme, na lazima mtu ashuke kuvitoa kwa mkono.

Wiki mbili zilizopita alimletea dada yake, ambaye humwita yaya, saa yake ya kuzamia. Kila saa ya namna hiyo ina pete inayozunguka pembezoni mwa kioo. Mzamiaji kabla ya kushuka anaizungusha alama yake ikutane na mkono wa dakika, na akiwa chini anasoma papo hapo dakika ngapi zimekwisha, hivyo anajua hewa kiasi gani imebaki mgongoni. Ya Dimitri ilikuwa imekwama, haiendi mbele wala nyuma.

"Ni chumvi ya bahari," Dimitri alisema siku ile, amekaa kwenye kigoda cha wateja akila karanga. "Lakini yaya, usiivunje. Ni alumini, lakini aiko alumini ya sufuria. Ni anodisé. Bananyweshaka umeme mu asidi, sawa bile banafanyaka na shaba ku usine ya mugodi, mupaka inaota ngozi nguvu. Ile ngozi njo inaikinga. Miaka kumi na moja mu chumvi, na angalia, ingali nyeusi."

Alisema kweli. Henriette alipoing'oa pete na kuitazama kwa lenzi, ngozi ile nyeusi ilikuwa nzima karibu kote. Ni pale tu ilipokwaruzwa na vyuma vya meli ndipo bahari ilipopata mlango: palikuwa na vidonda vidogo vyenye unga mweupe, na unga huo pamoja na chumvi iliyokauka ndio uliojaa chini ya pete na kuibana. Kazi ilikuwa kuutoa unga, basi. Mswaki na maji ya uvuguvugu vingetosha.

Lakini marehemu baba yake, mzee Kyungu, aliyemfundisha kazi, alikuwa na dawa moja kwa kila uchafu. Saa za Kolwezi zinakuja na vumbi la mgodi, grisi na jasho, kutu ya kijani imeota kwenye kila kona. Mzee alizilaza sehemu za chuma na za shaba kwenye maji ya majivu kutoka jioni hadi asubuhi, zikatoka zinang'aa, na watu wakavuka mji kumletea kazi. Henriette naye akafanya vivyo hivyo maisha yake yote. Akailaza na pete ya Dimitri, Dimitri mwenyewe akitazama, naye akamwambia kwa majivuno kwamba hii njo siri ya papa, baba yao.

Asubuhi yake pete ilikuwa imezungukwa na mapovu madogo, naye akasema moyoni, chumvi inatoka. Weusi ulikuwa umefifia ukawa kijivu, naye akasema, uchafu umetoka. Akaipaka rangi nyeusi ya kopo, akaichora namba upya kwa mkono usiotikisika, akairudisha. Ikazunguka kwa ulaini, bila hata ule mlio wa tik-tik. Jinsi alivyojisifu kwa kuuondoa mlio ule!

Sasa, mbele ya sufuria ya Ernestine, alielewa mlio ule ulikuwa nini. Chini ya pete kuna meno madogo, membamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga, na meno hayo yanaizuia pete isizunguke ila upande mmoja tu. Mzamiaji akijigonga kwenye chuma, pete inaweza kusogea upande wa kumdanganya kwamba muda umekwisha zaidi, akapanda mapema. Kurudi nyuma haiwezi. Meno yakiliwa, inaweza. Hapo mtu anasoma dakika kumi na nne na kumbe zimekwisha thelathini, na chupa yake ni ya dakika thelathini.

Bahari ilikuwa imeshindwa na pete ile miaka kumi na moja. Yeye aliimaliza kati ya jioni na asubuhi.

Alipiga simu. Haipatikani. Alipiga tena huku akijua hakuna mtandao kule chini ya ukuta wa bwawa. Dimitri alikuwa amemwambia jana yake kwamba mitambo ya upande wake itasimamishwa kuanzia saa nne hadi saa tano, na yeye ndiye atakayeshuka. Alikuwa amemwambia pia, akicheka, kwamba kipimo cha hewa cha chupa yake kimeingia ukungu hakisomeki, shefu wake wa kazi ameahidi kingine, na kwa sasa anategemea saa ya yaya tu. Henriette alikuwa amecheka pamoja naye.

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

Dereva wa kwanza wa pikipiki aliyemwona alikuwa Kalumba, mtu mzima mwenye wajukuu na mwendo wa mtu anayewabebea mayai. Hakukuwa na wa kuchagua.

"Unipeleke Nzilo, ku barrage. Mbio, tata. Mutu ananifia kule."

"Nani anakufia, mama?"

"Mudogo wangu."

Kalumba akawasha pikipiki. Kwa heshima yake isemwe kwamba siku ile mayai yote yalivunjika. Walitoka mjini wakapita milima ya mchanga wa migodi, na kwenye barabara ya vumbi wakajikuta nyuma ya msafara wa malori. Vumbi lilikuwa jekundu, zito. Henriette hakuona hata mgongo wa dereva. Alijaribu kusali rozari kwa vidole, lakini kila alipofika Salamu Maria ya tano akajikuta anahesabu dakika badala ya sala. Aliogopa. Aliogopa mpaka akawachukia wenye malori mmoja mmoja, watu asioweza hata kuwaona sura. Akamwona Dimitri wa miaka minne amesimama mlangoni bila viatu, akamfukuza, kwa sababu sura za wafu ndizo huonekana hivyo, naye huyu hakuwa amekufa.

"Pita!" alipiga kelele. "Pita kandokando!"

"Mama, kuna lingine linakuya mbele."

"Pita!"

Kalumba akapita. Henriette alifumba macho, na alipoyafumbua walikuwa hai, lori likipiga honi nyuma yao.

Kwenye kizuizi cha bwawa alisimama mlinzi mwanamke, sare imepigwa pasi, jina Josée limeshonwa kifuani. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na nane.

"Badge, mama."

"Sina. Niko namutafuta Dimitri, mutu wa kushuka mu mayi. Musimuache ashuke. Saa yake ni mubaya."

"Saa?" Josée alimtazama toka kichwa chenye vumbi hadi viatu. "Mama, umekuya na vumbi yote hii juu ya saa?"

Hapo ndipo Henriette angeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, ni mimi, na yalifika hadi kwenye meno. Lakini aliona yatakakofikia: kwa shefu, kwa soko zima, kwa jina la mzee Kyungu lililoandikwa juu ya kibanda. Midomo yake ikachagua njia nyingine.

"Chumvi ya bahari imekula ndani," alisema. "Nimevumbua leo. Pete inarudia nyuma. Atazani eko na hewa, na hewa imeisha. Dada yangu, naomba kwa jina la Yesu."

Josée akaita kwenye redio. Ikakoroma, hakuna aliyejibu. Akaita mara ya pili. Kisha akafanya jambo ambalo huenda lingemgharimu kazi: akainua kizuizi, akamshika Henriette mkono, na wote wawili wakateremka ngazi za zege mbio.

Chini kabisa, kwenye jukwaa la chuma lililoning'inia juu ya maji, mwanamume mnene alikuwa amesimama ameshika kamba. Huyo ndiye Rémy, shefu wa timu. Kamba ilishuka kutoka mikononi mwake hadi kwenye maji yenye rangi ya chai ya maziwa, ikapotea. Henriette alitafuta kichwa cha Dimitri mahali popote juu ya maji yale. Hakukiona.

"Ameshuka saa ngapi?" Sauti yake mwenyewe hakuitambua.

"Wewe nani?"

"Dada yake. Ameshuka saa ngapi?"

"Mashini zilisimama saa nne juste. Akashuka pale pale, ama kisha kidogo. Sikuandika. Dimitri ni mutu wa bahari, mama, anajihesabiaka mwenyewe."

"Saa yake inadanganya," alisema Josée, maana Henriette hakuwa na pumzi. "Umuvute."

Rémy alitazama simu yake. Saa nne na dakika ishirini na sita. Uso wake mnene ukabadilika, na Henriette, aliyekuwa bado na kipande cha tumaini kwamba watamcheka, alikipoteza hapo.

Rémy akavuta kamba mara nne. Hiyo ndiyo ishara ya kupanda, na mtu wa chini hujibu kwa mivuto minne. Wakasubiri. Kamba ilikaa kimya. Akavuta tena, kwa nguvu, nayo haikulegea wala haikuja. Ilikuwa imekaza mahali fulani, imepita nyuma ya gogo au imejizungusha kwenye wavu, na kuvuta kwake kulikuwa kunaishia kwenye chuma, hakumfikii mtu.

"Imeshikama," alisema Rémy.

"Mwite mwengine ashuke!"

"Mwengine hakuna. Leo njo yeye peke yake."

Henriette alipiga magoti kwenye chuma cha jukwaa, akaishika kamba chini ya mikono ya Rémy. Ilikuwa baridi na imelowa. Dakika ishirini na nane. Akaanza kusema na yale maji kwa sauti, bila aibu: nirudishie, nirudishie huyu, chukua macho yangu, chukua mikono hii ya kijinga, sitagusa saa ya mtu tena. Rémy alisogeza kamba kulia, akaisogeza kushoto, akailegeza, akaivuta kutoka upande wa ngazi. Dakika ishirini na tisa. Kitu kikaachia huko chini, kamba ikaruka mkononi, na Rémy akavuta nne.

Hakuna kitu. Kisha moja. Mbili. Tatu. Nne.

Dimitri alitokea hatua chache kutoka jukwaani, akaling'oa bomba mdomoni kwa mkono wa haraka, akavuta hewa kwa sauti ambayo Henriette ataisikia hadi kaburini. Walimvuta juu watu watatu. Alilala chali, midomo imebadilika rangi, anakohoa.

"Hewa ilikatika mu njia," alisema alipoweza. "Nilivuta, hakuna. Juu ya nini munaniita mapema, nikazani, na pale pale ikakatika." Akainua mkono wa kushoto, akaitazama saa. "Lakini inaonyesha kumi na tatu. Angalia, Rémy. Dakika kumi na tatu!"

Alama ya pete ilikuwa mahali ilipotaka. Dimitri aliisukuma kwa kidole gumba, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, kwa ulaini. Rangi nyeusi ya kopo ilikuwa imebabuka, na chini yake palionekana kijivu chenye vishimo.

Henriette alikuwa amemkumbatia kichwa, analia, anamfuta maji usoni kwa kitenge chake. Alikuwa hai. Kwa muda huo hapakuwa na kitu kingine duniani, na angependa kisiwepo.

"Ni chumvi," alisema Josée. "Dada yako amesema kule juu. Chumvi ya bahari imekula ndani."

"Chumvi?" Dimitri alikaa, akaiweka saa karibu na macho. "Yaya, basi ilibakia ndani? Ku mayi ya majivu aikutoka yote?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, na ulikuwa mlango mzuri. Henriette akatikisa kichwa, harakati ndogo ambayo ingeweza kuwa ndiyo.

"Basi usiku moja ni kidogo," alisema Dimitri. "Nilibatumia benzangu ba Banana foto, siku ya Mungu kisha misa, mu kikundi yetu ya WhatsApp. Bote bako na saa ya aina hii, na pete za bote zinashikamaka. Nikabaandikia siri ya papa. Mpoyi alifanya jana. Na bengine bawili. Tukifika ku rezo ya simu nitabaambia babakishe mu majivu siku mbili."

Henriette aliachia kitenge alichokuwa akimfutia.

Hofu aliyoijua tangu asubuhi ilikuwa na jina moja na sura moja. Hii haikuwa na sura. Ilikuwa ni watu watatu asiowajua, kwenye maji asiyoyajua, na mikononi mwao kitu kilichotoka kwenye bakuli lake la majivu.

"Banashukaka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne. Saa nne ya kwabo."

Saa ya Banana iko nyuma ya ile ya Kolwezi kwa saa nzima. Kule ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na sita.

"Simama," alisema Henriette. "Simama, Dimitri, twende ku rezo. Aiko chumvi. Sikia bote. Chumvi aikufanya kitu. Ni majivu. Majivu yanakula alumini, ata mutoto wa miaka kumi anajua, na mi njo niliitia. Ni mi nilikula meno ya saa yako."

Josée alijishika kifua. Dimitri alimtazama dada yake, na kilichopita usoni mwake Henriette hakukaa kukisoma, kwa kuwa tayari alikuwa anapanda ngazi za zege kwa mikono na miguu, akiwa amekwapua simu ya mdogo wake kwenye sanduku la vifaa. Dimitri alimfuata akiyumba, maji yanamchuruzika. Juu ya ukuta, karibu na kizuizi, mstari mmoja wa mtandao ukatokea, ukapotea, ukatokea. Dimitri akabonyeza jina la Mpoyi. Iliita mara nyingi sana.

"Tata Dimitri!" Sauti ilikuwa ya furaha. "Dawa ya dada yako, eh! Pete inazunguka bila kelele!"

Henriette aliichukua simu.

"Mpoyi, mi ni Henriette, fundi saa. Nilikosea. Ile dawa inaharibu pete. Saa itakudanganya, utakufa nayo. Vua. Na benzako bavue."

"Mi ningali juu, mama," alisema Mpoyi taratibu. "Lakini leo tulianza mapema juu ya haraka ya meli. Benzangu bameshashuka, bote bawili. Sijui sasa dakika ngapi."

"Vuta kamba zabo!" Henriette alipiga kelele, hadi Kalumba, aliyekuwa anasubiri kando ya pikipiki yake, akageuka. "Vuta, Mpoyi! Vuta!"

Simu iligonga kitu kigumu. Mpoyi alikuwa ameiangusha bila kuikata, na nyayo zake zilisikika zikikimbia juu ya chuma, zikaenda mbali, zikaisha. Dimitri alikuja akasimama karibu, akaweka sikio lake lililolowa upande wa pili wa simu. Upande ule palibaki sauti moja tu, kitu kizito kinachokuja na kurudi, na Henriette, ambaye hakuwa amewahi kuisikia bahari maisha yake yote, aliisikiliza.